Shanga Nyeupe za Sinia la Rabia

Jambo moja Fausta hajalipatia jibu mpaka leo: ni nani aliyezitia zile shanga nyeupe kwenye sinia.

Waliulizana wote, kwanza kwa utani, baadaye kwa viapo, na kila aliyeapa alionekana anasema kweli. Huenda walisema kweli. Mtu anaweza kufungua sanduku la marehemu, akachota asichokijua, akakitoa kwa moyo safi. Fausta hakutaka kumnyooshea yeyote kidole. Alitaka tu kujua zimetoka kwa nani, maana kama wangejua, lile walilolifanya mwishoni lisingekuwa na haja.

Darasa lilikuwa uani kwa Rabia, mtaa wa Kashaulili, nyuma ya duka la vitenge la kaka yake. Alasiri wanawake walikaa mkekani, miguu wameinyoosha, sinia la bati katikati yao. Rabia alifundisha kwa mpango. Bangili kwanza, kisha hereni, kisha mkufu wa safu, na hakuna aliyeruka hatua. Sinia lilikuwa la wote. Kila mwanafunzi mpya alikuja na konzi yake ya shanga, za dukani au za nyumbani, akazimimina humo. Na kila somo lilianza kwa kufumua. Kazi ya jana inakatwa kwa mkasi, shanga zinamwagika siniani, mkono unaanza upya.

"Msiipende kazi ya kujifunzia," Rabia alikuwa akisema. "Ukishaipenda, hujifunzi tena."

Zile nyeupe zilionekana ghafla siku moja, zimechanganyika na za bluu na nyekundu. Zilikuwa ndogo, weupe wake umepooza kama meno, na tundu zake zimelika kwa kuvaliwa miaka mingi. Zilinuka. Mafuta ya nyonyo, na moshi.

"Hizi zimetoka kiunoni kwa bibi wa mtu," alisema Kauthar, binti wa mjini aliyekuwa na neno kwa kila kitu. "Bibi mwenyewe alikuwa mtamu, nyie! Angalieni zilivyochakaa."

Wakacheka. Kashinje, mama wa Kisukuma aliyewazidi wote umri, hakucheka. Alizigusa kwa ncha ya kidole, akakifuta kidole kwenye kanga.

Fausta alichota za kwake, nyeupe na bluu, akamtungia mwanawe Editha uzi wa kiunoni. Kwao Mpimbwe, kama kwingine kwingi, mtoto mchanga huvalishwa shanga, na si kwa urembo. Ni kipimo. Uzi ukibana, mama anashukuru. Ukilegea, anajua mtoto anapungua, na anambeba kwenda kliniki bila kungoja kuambiwa. Mtoto aliyemtangulia Editha, uzi wake ulilegea taratibu katika msimu mmoja wa mvua. Mvua ilipokatika, mtoto hakuwepo. Kwa hiyo kila asubuhi Fausta alipitisha kidole chake kati ya uzi na ngozi ya Editha, na kidole kilipokwama, ndipo siku yake ilipoanza.

Jioni moja alikawia sokoni akitafuta samaki, migebuka. Aliposhika njia ya kurudi nyumbani Mwamkulu jua lilikuwa limezama, mwanga wa mwisho umebaki juu ya majaruba ya mpunga. Editha alikuwa mgongoni, kimya.

Cha... cha... cha...

Mbele yake alitembea mwanamke aliyejifunga kitenge kilichofifia. Sauti ilitoka ndani ya kitenge, kwa kila hatua. Fausta alifurahi kupata mwenzake wa njia.

"Dada, nisubiri twende wote."

Yule hakugeuka. Hakupunguza mwendo, wala hakuongeza. Upepo ulivuma kutoka kwake, ukaleta harufu.

Mafuta ya nyonyo. Moshi.

Editha akacheka mgongoni. Hakikuwa kicheko cha kitoto. Kilikuwa kifupi, cha chini, kama cha mwanamke aliyetaniwa na shoga yake.

Mwanamke akasimama.

"Zimebaki chache..." alinong'ona, uso bado kauelekeza mbele.

"Nini, dada?"

"Zimebaki chache. Mwambieni mwalimu asikate tena."

Fausta aliinama kuokota kanga iliyomdondoka. Alipoinuka, njia ilikuwa tupu. Kushoto maji. Kulia maji. Na maji yote mawili yalikuwa yametulia, bila hata kiwimbi.

Nyumbani Ponsian, mumewe, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu. "Mke wangu, mwanamke wa watu amepita zake na shanga zake, tayari umeshaona mzimu. Mwogeshe mtoto tule."

Fausta akamvua Editha, akamsimamisha ndani ya beseni.

Uzi ukateleza mpaka miguuni.

Asubuhi ileile ulikuwa umebana! Alimpapasa mtoto mapaja, mbavu, mashavu. Usiku huo hakulala. Kulipopambazuka alikuwa wa kwanza kliniki. Nesi akampima Editha, akarudia kumpima kwa kuwa mama alimsihi.

"Mtoto anaongezeka vizuri," alisema nesi. Kisha akauinua ule uzi kwa vidole viwili, akacheka. "Labda uzi ndio unaokua, mama."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka pia. Fausta aliuchukua uzi, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Yeye alitunga nyeupe moja, bluu mbili, nyeupe moja, bluu mbili. Sasa nyeupe zilifuatana kwa mafungu, zimebanana, na bluu zimesukumwa pembeni. Nyingine zilikuwa nyeupe asizowahi kuzitunga.

Alipofika nyumbani aliukata kwa mkasi, kama alivyofundishwa. Shanga akazifungia ndani ya kopo, kopo akalipandisha juu ya kabati. Akasonga ugali. Ponsian alikuwa mlangoni akinoa jembe, Editha mkekani kati yao.

Cha...

Waligeuka wote wawili. Mtoto alikuwa amekaa wima. Kiunoni mwake uzi ulikuwa umezunguka mara mbili, na fundo lilikuwa lilelile alilolifunga Fausta. Kopo lilikuwa bado juu ya kabati, limefungwa. Ponsian alilishusha, akalifungua, akaingiza vidole, akavitoa vitupu.

Hakutabasamu tena.

"Nenda kwa huyo mwalimu wako," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda sasa hivi. Mimi nitakufuata na baiskeli."

Uani kwa Rabia somo lilikuwa limesimama. Kauthar alikuwa ameshika hereni zake mbele ya macho, mdomo wazi. Kila palipokuwa na shanga nyeupe pamebaki uzi mtupu wa nailoni, kama mapengo. Bangili za wengine hivyohivyo. Siniani nyeupe chache zilikuwa zimejikusanya upande mmoja, upande wa mlango.

Fausta aliwaeleza yote. Alipofika kwenye maneno ya yule mwanamke wa njiani, Rabia aliweka mkasi chini.

"Nani alizileta?" akauliza.

Ndipo vikaja viapo, na hakuna aliyekiri.

"Nyie, tuzibebe mpaka Karema tuzitose ziwani," alisema Kauthar. Sauti yake ya utani ilikuwa imemkimbia.

"Zimetoka ndani ya kopo lililofungwa," Kashinje alimjibu. "Ziwa litazizuia nini?"

Kashinje alimpakata Editha, akaupitia uzi bila kuuvuta. Alizungumza polepole, na alianza kwa kusema kwamba anayoyajua ni ya ukoo wao tu, mahali pengine huenda ni vingine.

"Kwetu shanga za mama hazikatwi. Zinafunguliwa fundo. Mama akifa, anazikwa nazo, au binti yake anazivaa kwenye mpango uleule. Hizi zimekatwa, mayu, mama zangu, zikamwagwa, zikafanywa hereni, zikakatwa tena. Kila siku tunazikata. Sasa zinajitafuta. Zinarudi kwenye uzi mmoja."

"Zikitimia?" Fausta aliuliza.

"Zitataka kiuno." Kashinje akamtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake. "Na kiuno kilichomo ndani ni hiki."

Siniani shanga moja ilibingirika yenyewe. Ikapanda ukingo. Ikasimama.

Fausta alisema atazivaa yeye. Alisema haraka, kama mtu anayelipa kabla bei haijapanda.

"Unanyonyesha," Kashinje alitikisa kichwa. "Utampa kupitia maziwa yako. Na mimi ninazo za mama yangu, nimezivaa hapa. Wenye nyumba wawili hawakai chumba kimoja."

"Basi zizikwe!" Fausta alisema.

"Kwenye kaburi la nani, mwanangu?"

Hapo ndipo walipokwama. Kauthar alianza kulia, akasema yeye hata hajaolewa, na hakuna aliyemlaumu. Wengine walitazama mikono yao. Kila mmoja alikuwa na watoto, au mimba, au hofu, na hofu nayo ni sababu.

Rabia alikuwa mwanamke wa swala tano, asiyekuwa na mtoto, na maneno ya mizimu aliyaita upuuzi wa kupotezea muda wa somo. Hata sasa hakusema anaamini. Alisogea tu karibu na Editha, akamtazama.

Mtoto naye akamtazama. Kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake mdogo, akapapasa mkeka pembeni yake, taratibu, mara kadhaa, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni kukaa.

Rabia akakaa.

"Sinia ni langu," alisema. "Na kukata niliwafundisha mimi."

"Mwalimu..." Fausta alianza.

"Leta sindano. Usikate kitu. Fungua fundo lako."

Fausta alipiga magoti. Lilikuwa fundo lake mwenyewe, lakini lilimshinda kwa kucha, mpaka akalitia meno. Kinywa kikajaa ladha ya nyonyo. Lilipoachia, Editha alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa ndani ya maji, akaanza kulia. Kilio cha mtoto, cha njaa, cha kawaida kabisa. Ponsian, ambaye alikuwa amefika na kusimama na baiskeli yake kwenye kona ya ua, aliiachia ikaanguka.

"Usimchukue bado," Kashinje alimwambia Fausta. "Baba yake ampokee. Wewe tunga. Ukiuacha uzi wazi, utamrudia."

Akatunga. Alizitoa bluu, akaacha nyeupe, na kila iliyokuwa siniani ilipanda kwenye sindano kabla hajaitafuta tundu. Mpango hakuupanga yeye. Nne, nafasi, saba, nafasi, mkono wake ulijua. Nyuma yake Editha alilia akimtaka, na maziwa yakamlowesha kifua, na hakugeuka. Nje adhana ya magharibi ilianza. Rabia alingoja mpaka ikaisha, akasema bismillahi, akafungua kitenge chake huku Ponsian akigeuza uso.

"Hatujakupima," Fausta alinong'ona.

"Zungusha."

Alizungusha. Alitegemea uzi uwe mfupi. Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo aliomba uwe mfupi, apate neno la kusema, apate mtu mwingine wa kuulizwa kama atazivaa. Ncha mbili zilikutana mgongoni mwa Rabia bila kubakiza shanga, bila kupungua shanga. Ngozi ya mwalimu ikasisimka chini ya vidole vyake. Harufu ilitulia, kama inavyotulia ndani ya nyumba mwenyewe akishaingia.

Fausta alishika ncha zote mbili. Alimfikiria mwanamke huyu, namna alivyomshika kiganja siku ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kuvuta uzi bila kuukata. Alijua anachokitoa kwa mwanawe, na alijua anakokipeleka. Ilikuwa imekubaliwa na wote, Rabia mwenyewe akiwa wa kwanza, lakini mikono iliyokuwa kwenye fundo ilikuwa yake peke yake.

"Mwalimu, una uhakika?"

Rabia hakugeuka. Alikuwa ameelekeza uso mbele, kwenye mlango wa ua ambako giza lilikuwa limeanza kuingia.

"Kaza, Mama Editha."

Fausta akakaza.