Chuma Juu ya Chuma

Chuma kikikohoa, wewe utakiitikia?

Maryann, mfanyakazi wa ndani, aliitikia. Alidhani ni baba, ndivyo walivyomwita bosi wake, mhandisi mstaafu wa Bandari ya Jeddah, aliyeweka uani chumba kizima cha chuma kilichokatwa kutoka manowari kuukuu ya Waingereza. Hakuna mgeni aliyekula pale kabla ya kupewa mhadhara: vita vilipowakaba, Waingereza hawakuwa na muda wa kuunda manowari mpya, wakazirundikia kongwe mizinga ya kutungulia ndege, wakaziba madirisha kwa mabamba, wakaongeza chuma juu ya chuma hadi zikakaribia kuzama, boila zikivuja, pampu zikihema kutwa. Mabaharia waliofia humo, baba alisema akimimina kahawa, wamegeuka majini. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu, macho kwenye sambusa.

Maryann hakufuata majini. Alimbembeleza wakala amtoe kazi nafuu kule Sulimaniyah, Riyadh, amlete nyumba hii, kwa sababu dadake Beldina alifanya kazi hapa kisha akanyamaza. Ametoroka, alisema madam, mke wa baba. Viatu vyake vilikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni.

Kikohozi kilirudi kila alasiri, wenye nyumba wakiwa wamelala. Kikafuata harufu ya mafuta mazito, kisha kugonga, taratibu, nyuma ya mlango wa chumba kile cha chuma, uliochomelewa pande zote. Baba alikataa ukatwe, ni historia. Akaita shehe. Shehe akasoma, akanyunyiza maji, akaliamuru jini liseme, na kupitia bomba la shaba ambalo zamani maofisa walilitumia kuwaamrisha watu wa boila, ikatoka sauti kavu ya mwanamke, ikiuliza kwa Kiluo kama mama ameshakula, swali ambalo Beldina alianza nalo kila simu, ikauliza tena, na tena, mpaka shehe akakunja msala wake akasema hili yeye haliwezi.

Maryann alimgeukia Titus, dereva, aliyekuwa fundi wa kuchomelea huko Machakos.

“Ndugu yangu, nani alifunga huu mlango?”

“Baba alichoka na kelele. Alisema majini watatoka.”

“Kelele gani, Titus?”

Alitazama chini.

“Simu zilikatazwa. Mimi ndiye nilimwonyesha Beldina hapa pa kujificha akipiga nyumbani. Nilimsikia akigonga, Maryann. Nikajiambia ni Waingereza wafu. Nikaongeza bamba la pili.”