Karibuni na Kwetu

Kitu ambacho Kristofa angepaswa kukishtukia mapema ni kwamba mji ule haukuwa na kuku. Hata mmoja. Nyumba za mawe zilizopangana pande zote mbili za barabara iliyofagiwa vizuri, katikati ya msitu wa Amani, na hakuna jogoo wala kifaranga! Lakini kijana wa Dodoma aliyekulia kwenye vumbi, ukimpeleka msituni siku ya mapumziko, anatazama miti tu, mdomo wazi.

Alikuwa Muheza kwa wiki tatu, kikazi, akibandika namba za nyumba na kuziingiza kwenye simu ya ofisi. Jumamosi hiyo hawakuwa na kazi. Mwenzake Asmahani, mzaliwa wa Tanga mjini, alibaki kufua nguo. Kristofa akapanda Amani peke yake, akatembea, akaiacha njia ya wageni na kufuata harufu ya udi iliyokuwa inatoka mahali fulani ndani ya miti. Ndivyo alivyoufikia mji.

Kwenye nyumba ya mwisho alimkuta bibi amekaa uani, kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, keti."

Akaletewa kahawa. Mvua ikaanza, ile nyembamba ya msituni, na pale uani hapakuwa na paa. Kristofa alilowa mpaka shingoni. Kanga ya bibi ilibaki kavu. Aliliona hilo, akaona haya kuuliza, maana mgeni hamchunguzi mwenyeji wake. Akanywa kahawa yake isiyo na joto wala ubaridi, akaeleza habari za nyumbani: mkewe Bertha, na binti yao Blessing, wa miezi minne. Alipofika kwenye habari za mtoto, bibi alisogea karibu.

"Sisi hapa hatujajaaliwa mtoto siku nyingi," alisema. "Nyumba zote hizi unazoziona."

Kristofa akampa pole, akainuka kuaga, akasema alichofundishwa na mama yake kusema.

"Asante kwa kahawa, bibi. Karibuni na kwetu."

Sote tunalisema, na hakuna aliyewahi kutufungia safari kwa ajili yake. Ila bibi alisimama. Milango ya mtaa mzima ikafunguka taratibu, kwa pamoja, bila bawaba kulia.

"Tutapajuaje?"

Hapo ujuzi wa kazi ukamponza. Kristofa akacheka, akasema siku hizi mtu hapotei, akataja kata, mtaa, barabara, namba kumi na nne, geti la bluu. Bibi akarudia yote bila kukosea hata neno.

Jumapili mchana, wakila wali kwa mama ntilie karibu na stendi ya Muheza, Asmahani alimnusa.

"Shati lako linanuka udi, kaka Kristofa. Harusi ya nani hiyo, mie sikualikwa?"

Akamsimulia. Asmahani aliacha kula. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kule hakuna mji. Wale ni wenyewe wa msitu. Hawaingii kwa mtu mpaka waitwe. Nawe umewaita, na njia ukawaonyesha!"

"Nilisema kwa adabu tu."

"Na wao wana adabu. Watakuja, watakaa, watamkaribisha mkeo kwao, kisha wataaga. Mpigie sasa hivi. Asiukubali mwaliko wao, na wakitoka asiwasindikize. Asivuke kizingiti na mtoto, wallahi. Akivuka, ndo keshakwenda."

Kristofa akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Mara ya nne ikapokelewa.

"Baba Blessing! Wageni wako wamefika, na hukuniambia! Watu wastaarabu hao. Bibi amembeba mtoto tangu asubuhi, hajalia hata kidogo."

"Bertha, uko wapi?"

"Wametukaribisha kwao, nimewaambia asante, tutakuja."

"Uko wapi, mke wangu?"

"Nawasindikiza tu mara moja. Naishia hapo barabarani."

Kristofa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, kwa sababu nyuma ya sauti ya mkewe alitegemea kusikia bodaboda, na mashine ya kusaga ya jirani, na watoto wanaocheza mpira kwenye vumbi la mtaa wao, na badala yake alisikia maji yakidondoka jani hadi jani, na mabawa mazito ya hondohondo yakipita juu, na nyayo za watu wengi, wengi mno, wakitembea polepole kwenye majani mabichi bila mtu kuzungumza.

"Rudi ndani! Mchukue mtoto urudi ndani!"

"Sikusikii vizuri," alisema Bertha, na sasa alikuwa ananong'ona. "Hivi, baba Blessing, kwetu Dodoma lini pamekuwa na ukungu? Mbona silioni geti?"

"Bertha!"

Asmahani alikuwa ameshika kichwa, analia waziwazi mbele ya wateja. Kule upande wa pili mtu mwingine akaichukua simu, na sauti ile ya uani, ya upole, ikamjulisha mwenyeji wake kama inavyompasa kila mgeni aliyerudi kwao.

"Mjukuu wangu, tumefika salama."