Mijakaranda Mbele ya Baraza

Soko la vitambaa lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na katika msukumano huo watu wawili walishika jora moja la khaki, kila mmoja upande wake. Mmoja alikuwa mwanamke mrefu, maji ya kunde, amevaa buti na suruali iliyochanika gotini, nywele kazifunga kwa kitambaa chekundu. Kazini walimwita Komba kwa jinsi alivyoparamia miti. Mti ukiugua mjini humo, yeye ndiye aliyeitwa. Mwingine alikuwa fundi suti, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate.

"Dada, hili nimeliona mimi kwanza."

"Kuona si kushika."

"Na kushika nimeshika."

"Umeshika mwisho wake. Mwanzo ninao mimi."

Muuzaji akawasihi waelewane, wateja wamejaa. Wakaelewana: fundi achukue jora, ila suruali za kazi za Komba azishone yeye. Alipompima kiuno dukani kwake akarudia kupima, na Komba akamuuliza kama futi yake ni mbovu. Fundi akajibu kwamba futi ni nzima, aliyeharibika ni yeye.

Tangu hapo simu hazikukauka. Komba akiwa juu ya tawi, simu ilitetemeka mfukoni.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu yako, fundi. Wewe shona tu."

Jioni walikutana mgahawani karibu na stendi, Komba kavaa gauni la kijani alilomshonea fundi, na wahudumu wakazoea kuwasikia wakitaniana mpaka viti vinapandishwa mezani.

Kisha halmashauri ikampa Komba kazi. Palikuwa na nyumba ya kale ya ghorofa moja, ngazi zake za mawe, baraza lake la nguzo za mbao zilizochongwa, nyumba ambayo kisheria hata mlango haubadilishwi bila kibali. Mbele yake ilisimama mijakaranda miwili, na majirani walilalamika kwamba matawi yanaanguka hata siku isiyo na upepo. Komba aligonga mashina kwa nyundo ya mpira yakaitika kama ngoma. Akafukua mizizi akakuta kuvu pana kama sahani. Hakuwa na shaka. Akaitia yote miwili alama nyekundu ya kukatwa.

Mwenye nyumba, mama mjane mwenye maneno mengi na macho makali, akamwita ndani anywe maji. Pale ukutani, ndani ya fremu, fundi suti alikuwa akimtazama huku akitabasamu. Maji yakampalia Komba. Mara nyingi alisikia habari za "nyumbani kwa mama", lakini hakuwahi kupelekwa.

Akaona jambo hilo si la simu, atamwambia wakikutana. Lakini maneno hayangoji. Asubuhi yake fundi alipita kwa mama, akaona alama, akauliza nani kazitia. Akaambiwa ni msichana mmoja wanamwita Komba. Akapiga simu papo hapo.

"Ule wa kushoto baba aliupanda siku niliyozaliwa. Ulijua?"

"Hilo sikulijua. Nyumba nimeijua jana, nikataka nikwambie uso kwa uso."

"Jana usiku tumeongea saa nzima. Umenichekesha, umeniita mpenzi, na rangi haijakauka bado."

"Nilikosea kukaa kimya. Lakini mti umekufa, fundi. Hata nikikupenda vipi, siwezi kukwambia mzima."

Fundi akakata simu. Siku zikapita bila salamu. Fundi akaandika pingamizi halmashauri, na kazi ikasimama. Komba hakumbembeleza. Alilia siku moja, akanawa uso, akaenda kumwona mama, maana chumba alicholala mama kilikuwa chini ya tawi kubwa kuliko yote.

"Mwanangu," mama alisema, "nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama, ningekuwa mimi, chumba kile nisingelala leo."

Mama hakuuliza la pili. Jioni hiyo fundi alimkuta kahamishia kitanda sebuleni, anakunja mashuka. Mama akamwambia kwamba baba yake alipanda mti ili watoto wapate kivuli, hakuupanda uje umwue mkewe. Akaongeza kwamba msichana yule angeweza kusema uongo mtamu, na hakusema.  Kulipokucha fundi akaenda kuondoa pingamizi.

Siku ya kukata, miti ilibidi ishushwe vipande vipande kwa kamba, nguzo za baraza zisiguswe. Komba alikuwa anajifunga mkanda alipomwona fundi akija kavaa ovaroli jipya, nalo limepigwa pasi.

"Nyumba hii naijua kila ubao," alisema. "Niweke nikufae."

Komba akampa mwisho wa kamba ashike. Kutwa nzima msumeno ulinguruma, vipande vikashuka polepole kama mizigo ya mayai, na fundi akashika mpaka viganja vikachubuka. Kilipotua kipande cha mwisho, jua likaingia barazani moja kwa moja, na hakuna nguzo iliyopata hata mkwaruzo.

Komba akaketi juu ya kisiki, vumbi la mbao limemjaa hadi kope. Fundi akachuchumaa mbele yake.

"Nilikuita mwongo moyoni mwangu. Nisamehe."

"Na mimi nilinyamaza pasipo pa kunyamaza. Yameisha."

"Hayajaisha. Nataka unioe, au nikuoe, vyovyote utakavyo."

Komba akacheka, akamwambia angoje kwanza akaoge. Fundi akakataa, alitaka jibu vilevile alivyo.

"Basi nimekubali," Komba alisema. "Ila mama yangu ajue kwanza, kabla ya mama yako. Nyumbani kwetu wana wivu."

Dirisha la juu likafunguka.

"Basi mkimbie," mama wa fundi alisema, "maana mimi simu ninayo mkononi."