Amenituma Nimshikie Nafasi

"Nyuzi yuko wapi?"

Mpiga besi alisimama mlangoni petu, koti lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa, kofia ameishika mikononi kama mtu aliyekuja kutoa pole. Alinitazama, akatazama zulia, kisha akanitazama tena.

"Shemeji, salama?"

"Nimekuuliza, Nyuzi yuko wapi? Baba ameshakaa. Shangazi ameshakaa. Yumo kwenye gari?"

"Kwenye gari hayumo."

"Yuko njiani?"

"Njiani yuko, ndiyo. Ila ni njia nyingine."

Siku ile mchumba wangu, mcharaza gitaa ambaye dunia nzima humwita Nyuzi, alipaswa kuketi mbele ya Baba na kutamka kwa kinywa chake kwamba anataka kunioa. Siku ya kwanza tuliyopanga, gari la bendi lilizimika mlimani. Siku ya pili, gitaa lake lilishushwa kimakosa pamoja na mizigo ya abiria mwingine, naye akalifukuzia mpaka mji wa mbali. Mara zote mbili nilimwombea msamaha kwa Baba, na Baba akaniambia kwa upole uliokuwa mzito kuliko karipio: "Safari hii, binti yangu, ndiyo ya mwisho."

Kabla sijamvuta mpiga besi pembeni, sauti ya Baba ilitoka sebuleni.

"Mbona mnamsimamisha mgeni mlangoni? Karibu, mwanangu, karibu!"

Baba hakuwahi kumwona Nyuzi. Alimpokea mpiga besi kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti kilichowekwa kitambaa kipya, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe ndiye huyu! Niliambiwa ni mwembamba."

"Picha za simu hizo, kaka," Shangazi alisema. "Zinadanganya."

"Shikamoo, mzee," mpiga besi alisema huku jasho likimtiririka. "Mimi siye."

"Marahaba. Siye nani?"

"Siye Nyuzi. Mimi ni Mzito, napiga naye besi. Nyuzi amepata kazi ya ghafla. Amenituma nimshikie nafasi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kiti nilichokalia.

"Umshikie nafasi," Baba alirudia polepole, kama mtu anayeonja dawa kabla ya kuimeza.

"Ndiyo, mzee. Kwetu kwenye muziki, mtu akibanwa hawaachi wenzake hewani. Hutuma mtu anayeujua wimbo. Nyuzi amenieleza kila kitu, na nimekikariri."

"Umekariri nini?"

Mzito alikohoa, akanyoosha mgongo kama mwanafunzi mbele ya darasa.

"Kwamba anampenda binti yako kwa dhati, ana nia ya kumuoa, hanywi, havuti, na anaomba baraka zako."

"Na wewe je, unampenda binti yangu?"

"Mimi? Hapana, mzee! Yaani, namheshimu. Mimi nina mke."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Na siku ya harusi, utamshikia pia?"

"Shangazi!" nilisema.

"Niache niulize. Na baada ya harusi? Mwenzenu nataka kujua ratiba."

Baba hakucheka. Maisha yake yote amekuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kusaga nafaka, na habari za kushikiana nafasi anazijua kuliko sisi sote.

"Kiwandani kwangu zamu hushikiwa kila siku," alisema. "Hata mimi nimewahi kushikiwa. Lakini siku niliyokwenda kumwomba mama wa huyu, nilikwenda na homa yangu. Kula, mwanangu, wewe huna kosa. Ukishiba, mwambie aliyekutuma kwamba humu ndani maneno ya kukariri hatuyapokei."

Nilitoka uani, nikasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa, nikapiga simu. Iliita mpaka nikakata tamaa, kisha ikapokewa katikati ya makelele ya spika zinazojaribiwa.

"Mpenzi! Mzito amefika?"

"Amefika."

"Amepita vizuri?"

"Amepita nini? Kwani ulimtuma kwenye usaili?"

"Usikasirike, nisikilize. Kiongozi wa bendi kanipigia asubuhi. Mpiga gitaa wa hotelini kaumia mkono, na leo wana harusi; besi wanayo. Ningekataa, angemwita mwingine, na huyo mwingine ndiye angebaki. Kiti cha bendi unakijua. Ukinyanyuka tu, kimekaliwa."

"Na kiti cha kwa baba yangu?"

"Ndiyo maana sikukiacha kitupu! Ningekuwa sijali ningetuma mtu yeyote. Nimemtuma Mzito. Mzito hajawahi kukosea hata mara moja."

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuwa akidanganya. Angalikuwa laghai ningalimtupa siku ile ile na kuendelea na masomo yangu. Lakini mtu huyu aliamini, kwa moyo safi, kwamba ametenda jambo la heshima. Alinipa kile ambacho wanamuziki hupeana wanapopendana: mbadala mzuri.

Nilikata simu. Baadaye akatuma ujumbe: "Nisamehe. Spika imelipuka, uzi umekatika katikati ya wimbo, bwana harusi kakasirika. Nadhani ni laana ya baba yako."

Nikamjibu: "Baba hana laana. Alikuwa na kiti, akakaa mpiga besi."

* * *

Alinifuata chuoni siku chache baadaye. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya maktaba, vitabu mapajani, akili sijui wapi. Alikuja amelibeba gitaa mgongoni, macho mekundu kwa safari.

"Nimekosa," alisema kabla hajakaa.

"Umekosa nini? Nataka nikusikie ukilitaja kosa lenyewe."

"Sikuja."

"Endelea."

"Nikamtuma Mzito."

"Nyuzi, unajua ninavyojisikia? Najisikia kama harusi za watu unazipa vidole vyako, na mimi unanipa taarifa."

Aliinamisha kichwa. Vidole vyake, vilivyoota sugu kwenye ncha, vilichezea mkanda wa gitaa.

"Nipangie siku nyingine kwa mzee."

"Baba hapangi tena. Amesema mlango unaonekana kutoka barabarani, mwenye haja atauona."

"Basi nitakuja. Lakini Jumapili kwanza, tafadhali. Tuna onyesho la mchana kwenye bustani ya hoteli. Nimetunga wimbo wako, na Kiongozi amekubali niupige peke yangu. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Baada ya hapo tunaondoka kwa ziara, nikirudi naja moja kwa moja kwenu."

"Ukirudi."

"Nikirudi. Naapa. Nisipokuona siwezi kuupiga wimbo ule. Utakuja?"

Nilimtazama. Nilimpenda mpaka nikachukia kwamba nampenda.

"Kiti hakitabaki kitupu," nilimwambia.

Nyumbani nilimkuta Shangazi akichambua mchele.

"Shangazi, Jumapili mchana una shughuli?"

"Ya kwangu, hapana. Kwani?"

Nilipomweleza, aliacha kuchambua. Alinitazama kwa muda, kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake na kuvuka hadi upande wa pili.

"Mwanangu, elimu hii mnafundishwa huko chuoni?"

"Nina mtihani Jumatatu, Shangazi. Sidanganyi."

"Sijasema unadanganya. Nimeuliza nivae gauni gani."

* * *

Jumapili nilikaa na vitabu vyangu, na sikuelewa hata mstari mmoja. Nilijiuliza iwapo ninamfundisha au ninamlipizia, na sikupata jibu lililonitosheleza. Kisha simu ikaita.

"Uko wapi?" Nyuzi alinong'ona. Nyuma yake nilisikia umati na vyombo vikitafuta sauti. "Niko nyuma ya jukwaa. Kwenye kiti chako amekaa shangazi yako!"

"Ndiyo. Nimebanwa na mtihani. Nimemtuma anishikie nafasi."

"Lakini wimbo ni wako!"

"Nimemweleza kila kitu. Anajua hata mahali pa kupiga makofi."

"Anatafuna karanga! Anatazama saa!"

"Usiwe na wasiwasi. Shangazi hajawahi kukosea hata mara moja."

Mbali kidogo nilisikia sauti ya Kiongozi ikifoka: "Nyuzi! Panda!"

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," alisema hatimaye.

"Ndivyo."

"Nimeutunga wiki nzima."

"Nami nilisafisha sebule wiki nzima. Mara tatu, Nyuzi. Kitambaa cha kiti kile nilikishona mwenyewe."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukukikalia."

"Nyuzi!" Kiongozi akafoka tena, na simu ikakatika.

Sikulia. Nilifunga kitabu, nikakifungua, nikakifunga tena. Jua lilianza kuinama, Baba akarudi kutoka matembezini, na mimi nilikuwa bado nimekaa pale pale niliposikia teksi ikisimama nje na sauti ya Shangazi ikitangulia mwili wake.

"Polepole na huo mlango! Nina kitu cha watu!"

Alishuka amekumbatia gitaa kama mtoto mchanga. Nyuma yake alishuka Nyuzi.

"Wimbo wenyewe mrefu," Shangazi alinieleza akinikabidhi gitaa, kana kwamba mtunzi hayupo. "Miguu ilikufa ganzi. Na muda wote kijana ananikodolea mimi macho ya huzuni, mpaka jirani yangu akaniuliza nimemfanya nini. Onyesho limeisha, gari la bendi linanguruma, Kiongozi wao anapiga kelele kwamba asiyepanda asirudi. Huyu akasimama kando ya gari. Akasimama. Nikadhani anapanda. Kumbe anaita teksi."

"Nyuzi," nilinong'ona, "ziara je?"

"Niache kwanza nimwone mzee," alisema, akanipita.

Baba alikuwa kitini kwake. Hakunyanyuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Nyuzi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Kwa teksi," Shangazi alisahihisha.

"Sema ulichokuja kusema," Baba alisema.

Nyuzi alisogea mbele ya kiti cha Baba. Mtu huyu husimama mbele ya mamia ya watu bila kutetemeka, lakini sasa vidole vyake vilikuwa vikikwangua suruali kana kwamba vinatafuta nyuzi.

"Mzee, Mzito aliyasema vizuri kuliko mimi."

"Sikumuuliza Mzito."

"Nampenda binti yako. Nimemchosha, najua nimemchosha. Nilikuwa na maneno mengine huko njiani, yameisha."

Baba alikuwa karibu kujibu wakati simu ya Nyuzi ilipotetemeka. Aliisoma, uso ukamshuka. Akaninyooshea simu. Ulikuwa ujumbe wa Kiongozi: "Tumepata mtu. Usijisumbue kurudi."

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza nikasikia hasira katika sauti yake. "Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi! Nani kakwambia nilitaka upoteze kazi? Nilitaka uje!"

"Vyote viwili vilikuwa siku moja!"

"Siku zote vilikuwa siku moja, na siku zote aliyeachwa nilikuwa mimi!"

"Kwa hiyo nifanye nini? Nisipige gitaa?"

"Piga! Nani amekuzuia? Uniulize tu kabla hujasema ndiyo! Simu inaita, unakubali, halafu mimi naambiwa kama jirani!"

Shangazi alitaka kuingilia. Baba akainua kiganja.

"Waache."

"Nina hasira," Nyuzi alisema, kifua kikipanda na kushuka.

"Hata mimi ninayo."

"Nina hasira na Kiongozi, na wewe, na mimi mwenyewe."

"Unaondoka?"

Alitazama mlango, na ulikuwa wazi. "Siondoki."

"Basi kaa."

Akakaa. Kitambaa kilikunjamana chini yake, naye hakugundua.

Baba alitutazama mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikiliza mashine zikinguruma.

"Mimi na marehemu mama yake tulianza kwa vicheko," alimwambia Nyuzi. "Hasira tukaikuta mbele, ikatukuta hatujajiandaa, nusura ituue. Ninyi mmeanzia kwenye gumu." Kisha akanigeukia. "Binti, unamtaka?"

"Namtaka, Baba. Lakini leo simsemeshi."

"Hiyo ni haki yako. Kijana, umesikia? Umekubaliwa. Kazi utatafuta kesho. Sasa hivi kunywa chai, na unyamaze."

Shangazi alipiga kigelegele kimoja, kikaishia njiani kwa sababu hakuna aliyemwitikia. Nilimmiminia Nyuzi chai, nikamsogezea sukari bila kumtazama. Alitia vijiko vingi mno, kwa hasira, akakoroga mpaka ikamwagika kwenye kisahani, kisha akainywa yote, taratibu, akiwa ameketi.