Mpangaji wa Kioo

Kisanduku kidogo cha kijani kilitua juu ya kiti kitupu na kikagoma kuondoka.

Mpiga picha alikishangaa. Kamera yake mpya ina akili hiyo: ikiona jicho la mtu inalizungushia kisanduku cha kijani, na jicho likienda huku, kisanduku nacho kinalifuata. Sasa hapo jicho gani? Kiti hakikuwa na mtu. Nyuma yake kilining'inia kitambaa cheusi, taa mbili zimewaka, mlango umefungwa. Kisanduku kikapanda juu kidogo, kama vile aliyekaa pale ameinua uso amtazame.

"Mjinga wewe," aliiambia kamera. "Umetoka kiwandani juzi, tayari una wazimu!"

Ndivyo alivyo huyu mama. Hutukana kwanza, huogopa baadaye, na mara nyingi hiyo zamu ya kuogopa haimfikii. Muuza duka wa jirani alimpachika jina la Pilipili, nalo likamkaa.

Kamera yake ya zamani alikuwa nayo tangu binti yake hajaota meno. Ilikuwa na kioo ndani, nyuma ya lenzi. Ukichungulia, unamwona mtu kupitia kioo hicho; ukibonyeza, kioo kinaruka juu, klak, kipishe mwanga, na hapo tundu unalochungulia linakuwa jeusi tii, kufumba na kufumbua. Kila aliyetumia kamera hizo anajua hilo. Unaona kabla ya picha, unaona baada ya picha, ila ule wakati wenyewe wa picha huuoni. Na nani ana habari na giza la kufumba na kufumbua? Watu wana kazi.

Picha zake zilikuwa na sifa moja: macho. Macho ya picha za Pilipili yalikuwa hai mpaka wateja walikuwa wakiingia studio wanausalimia ukuta, halafu wanacheka kwa aibu. Watu walitoka mbali kufuata macho hayo. Kisha kioo cha kamera kikaanza kukwama, akaona basi, ya nini kung'ang'ania kitu kizee? Akanunua kamera ya kisasa, isiyo na kioo kabisa. Lenzi ya zamani tu ndiyo hakuiacha, maana ilikuwa imezoea mkono wake. Akaifunga kwenye kamera mpya kwa adapta, kile kipete cha kuunganishia, kama wafanyavyo wote wanaohama. Akahama nayo, na kilichokuwa ndani yake kikahama naye.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa tai na makoti, aliyezoea kupiga picha hapo kila mwaka.

"Tulia hivyohivyo, mwalimu. Usipepese."

Akabonyeza. Kamera mpya haina giza. Tundu lilibaki wazi muda wote, na Pilipili akauona ule wakati ambao hakuwahi kuuona maishani mwake. Kidole kirefu, cha rangi ya majivu, kilitokea upande wa lenzi, kikamgusa mwalimu jicho la kulia, kikalifuta taratibu kama mtu anayefuta mchuzi kwenye sahani, kisha kikarudi kilikotoka. Studio ikanuka vumbi lililoungua juu ya taa.

Mwalimu alisugua jicho. "Taa zako hizi, mwanangu! Kila nikitoka hapa macho yananisumbua wiki nzima."

Pilipili alimsindikiza mwalimu mlangoni, akaenda kwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa fremu, chumba cha nyuma, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kucheka, kisha akaweka msumeno chini.

"Mama, sema polepole," alinong'ona. "Usisikiwe."

"Na nani? Na wateja?"

"Na hicho kitu." Aliutazama mlango wa studio. "Nilikuwa nasikia klak mle ndani, wewe ukiwa sokoni. Klak, klak. Nikasema ni masikio yangu. Rudisha ile kamera ya zamani, mke wangu. Ilikuwa ina shida gani? Tuliishi nayo vizuri."

"Tuliishi nayo kwa sababu tulikuwa hatuioni."

"Basi tusiione!"

Hapo Pilipili aliingia studio na kujifungia.

Ulikuwa mchana, nje magari yanapiga honi na mtu anauza vocha kwa sauti kubwa. Lakini studio haina dirisha, na taa zote mbili zilizimika kwa pamoja kabla hajazifikia. Harufu ya vumbi la kuungua ikapanda. Klak. Kamera mpya alikuwa ameishika mkononi, nayo haina kitu cha kulia klak. Klak, karibu zaidi, klak, sikioni. Akaiinua mpaka jichoni, kwa sababu ndiyo kazi yake na hana njia nyingine ya kutazama jambo, na ndani ya tundu akaona kiti, na juu ya kiti kisanduku kimoja cha kijani, halafu cha pili, halafu vikaanza kuzaana, kifuani, mabegani, mapajani, kwenye viganja, hadi akaelewa kwamba kilichokaa pale kina macho mwili mzima, macho ya watu aliowapiga picha yeye, ya maharusi, ya wazee, ya watoto wa vyeti vya shule, yote yakipepesa, na katikati ya kifua, yamepangwa safusafu kama vifungo vya koti, macho aliyoyajua kuliko yote, makubwa, yenye kope kama za mumewe: macho ya binti yake, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Maana binti wa mpiga picha ndiye wa kupimia taa. Njoo ukae hapo, mama, nipime mwanga. Tangu ananyonya. Kabla ya kila harusi, kabla ya kila kazi, yeye ndiye aliyekalishwa kwenye kiti. Na miwani yake iliongezwa unene kila mwaka, madaktari wakabadilishana, majuzi wa mwisho akasema wajiandae, mtoto atapofuka.

"Nirudishie kioo changu," sauti ilisema kutoka kitini, ya upole kabisa. "Humu kwenye kamera yako mpya mna mwanga kila mahali. Sina pa kujificha."

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimekupa sifa. Wateja walileta nuru ya macho yao, mimi niliitia kwenye picha, wewe uliitundika. Iko palepale ukutani, sijala hata tone. Nakula kuitazama tu. Nirudishe kwenye kioo, nami nitamwacha mtoto na hicho kidogo kilichobaki. Nitachukua kwa wageni."

"Na nikizichoma hizo picha?"

Macho yote yakaacha kupepesa.

"Huna ubavu huo," sauti ilisema, na safari hii upole ulikuwa umepungua. "Ni mtoto wako huyo, tangu siku ya kwanza. Hutabaki na uso wake hata mmoja."

"Sina nini?" alisema Pilipili. "Rudia."

Hakukingoja kirudie. Alipapasa gizani mpaka kabati, akatoka na kamera ya zamani kwapani, akaiweka juu ya meza ya mumewe, akachukua nyundo. Kioo kile ni kidogo, hakizidi stempu. Alipokipiga, ukelele ulitoka studio hadi muuza vocha akanyamaza huko barabarani.

Pipa la kuchomea takataka liko uani; aliliwasha. Aliitupa lenzi humo kwanza, kisha akaanza kushusha ukuta. Maharusi, wazee, mwalimu na tai zake za kila mwaka. Akafuta diski zote mbili za kompyuta zilizohifadhi picha, na za akiba, huku akilia waziwazi na kutukana katikati ya kulia. Mumewe alibeba fremu alizozitengeneza kwa mikono yake, akazitia motoni moja moja. Mwisho alisimama ameficha kitu nyuma ya mgongo.

"Baba. Lete."

"Hii moja tu." Alirudi nyuma hatua moja. "Ndiyo ya siku alipotoa jino la kwanza. Hakuna nyingine, mke wangu. Tutamkumbuka vipi alivyokuwa?"

"Unamtaka yeye au unataka karatasi?"

Aliitazama ile picha mara ya mwisho, na picha ikamtazama, kisha akampa. Pilipili aliishika mpaka moto ukamfikia vidoleni. Kutoka ndani ya studio, kitu kilikuwa kinajipigapiga ukutani, kikiomba, kikiahidi, kikitaja majina ya wateja wakubwa ambao wangekuja.

"Piga kelele mpaka uchoke!" alikijibu. "Hii nyumba ina mwenyewe!"

Wateja wa zamani aliwatumia ujumbe wote: choma picha niliyokupiga, njoo nikupige nyingine bure. Wengi walimcheka. Wengine walikasirika. Mwalimu alichoma, akaja, akasoma gazeti mlangoni bila miwani huku mdomo umemning'inia.

Na kesho yake binti alirudi kutoka shule akiwa ameshika miwani yake mkononi, kwa kuwa, alisema, ilikuwa inamtia kizunguzungu tangu jana. Alisimama katikati ya studio, mbele ya ukuta mtupu wenye alama za misumari, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya taa, yale ambayo hata mama yake huyasoma kwa kukunja uso. Pilipili alimgeuzia mgongo kidogo, ajifute. Kisha akafunga lenzi mpya kwenye kamera, akakivuta kiti.

"Kaa," alisema. "Leo sipimi taa. Leo nakupiga wewe."

Mtoto alikaa. Kisanduku cha kijani kikatua juu ya jicho lake, kimoja tu, kikatulia. Lakini yeye alikuwa anatazama pembeni, kwenye kona nyuma ya kitambaa cheusi.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu pale."

Pilipili hakugeuka. "Anafanya nini?"

"Amechuchumaa. Hana jicho hata moja. Analia."

"Mwache alie," mama yake alisema. "Inua kidevu."