Nusu ya Jozi

Alitua chuma kimoja, vikalia viwili.

Ndugu yangu, mimi si mtu wa kubeba kila uvumi, lakini hilo hata mkewe alilisikia kutoka jikoni akauliza, "Umeangusha nini tena?" Mumewe ni kinyozi. Wateja walimwita Unyoya, kwa jinsi wembe wake ulivyopita shingoni mtu asishtuke. Akajibu, "Hakuna kitu." Na kweli, sakafuni palikuwa na chuma kimoja tu. Mlio wa pili ulitoka upande wake wa kushoto, pasipo na kitu.

Tuanze na kosa lenyewe. Unyoya aliteleza bafuni akavunjika bega la kulia. Plasta ilipotolewa, mkono ukabaki unaning'inia kama taulo bichi. Kinyozi asiyeinua mkono ana kazi gani? Mwenye saluni akamwambia waziwazi kwamba kiti chake atamwekea mpaka mwisho wa mwezi, basi. Mtaalamu wa viungo akamweleza taratibu:

"Nunua dambeli jozi, vile vyuma vya mazoezi, kilo mbili mbili. Uzito wako ni ule unaouinua mara kumi na mbili, na zile mbili za mwisho zikutoe jasho. Ukifika kumi na mbili unacheka, ongeza. Na fanya mikono yote miwili."

Lakini Unyoya na haraka zake! Akaenda kwa muuza vitu vilivyotumika, akaona vyuma viwili vyeusi vya kilo nane nane, vimefungwa pamoja kwa kamba.

"Nifungulie kimoja. Mkono mbovu si mmoja?"

"Hivi havitenganishwi," muuzaji akasema. "Mwenyewe alinisisitizia."

"Kwani vimeoana?" Unyoya akacheka peke yake. Muuzaji akakata kamba bila kumtazama.

Siku ya kwanza chuma hakikupanda hata gotini. Siku ya tatu alikiinua mara kumi na mbili, na mkewe akapiga vigelegele. Wiki ilipoisha akawa anafika thelathini, mkavu kabisa, hana hata tone la jasho. Chumba ndicho kilichonuka jasho, jasho la mtu mwingine, lililochanganyika na kutu.

Mkewe alimvuta kando, akanong'ona, "Mume wangu, wewe hutoki jasho. Sasa sakafu hapo kushoto kwako imelowa kwa nini?"

Unyoya naye alikuwa na lake. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo, mchana kweupe, dirisha wazi, majirani wanasikika wakigombana kuhusu maji, na kila alipofika saba pumzi ya baridi ilimgusa sikio la kushoto ikasema saba, akifika nane ikasema nane, na siku aliyoamua kuishia tisa ili aone itakuwaje, mkono wake wenyewe ukapanda bila kutumwa, na sikioni akaambiwa, kwa upole kabisa, kumi.

Wakamwita mganga, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Hakukigusa chuma. Alinusa tu mlangoni.

"Umenunua nusu," akasema. "Nusu ya pili ina mwenyewe, ni jini, na anakuja kufanya mazoezi na mwenzake. Ulidhani unanyanyua wewe? Unanyanyuliwa."

"Nifanyeje, mama?"

"Kirudishe leo leo. Ataondoka na nguvu zake. Utabaki na mkono wako na kilo mbili zako."

Unyoya akaapa mbele ya mkewe, akatia chuma kwenye mfuko, akatoka. Njiani akakumbuka mwezi umebakiza siku nne. Siku nne, jamani! Mkono wa kilo mbili utashika wembe saa ngapi? Aliogopa jini, ndiyo, lakini aliogopa zaidi kumwona mtu mwingine kwenye kiti chake. Akapita saluni, akakisukuma chuma chini ya sinki, nyuma ya taulo. Nyumbani akasema, "Nimerudisha." Mkewe akalia kwa furaha, akampigia kaka yake simu aende kumtia moyo kazini.

Kwa hiyo kesho yake, pale saluni, mteja wa kwanza alikuwa shemeji, mtu wa utani asiyekauka mdomo. "Ukinikata leo, dada yangu namrudisha nyumbani!"

"Mchukue na madeni yake," Unyoya akamjibu, na mkono ukapanda mwepesi kama zamani. Moyo wake ulijaa. Akanyoa shavu la kulia, taratibu, povu likaondoka mstari kwa mstari, akihesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Shemeji akafumba macho.

Unyoya akasimama kidogo kufuta wembe. Ule mlio mdogo wa kukwangua haukusimama.

"Shemeji," yule mtu akasema kwa usingizi, "siku hizi unanyoa pande zote mbili kwa pamoja?"

Kwenye kioo Unyoya aliuona mkono wake, umetulia hewani na wembe wake, na akaliona shavu la kushoto la shemeji, ambalo hakuligusa, povu likiondoka lenyewe, likishuka kutoka sikioni kwenda tayani, kutoka tayani kwenda kooni, na alitaka kupiga kelele lakini akajua kwamba mtu akishtuka kwa wembe ulio pale basi yamekwisha, na harufu ya kutu ikatoka chini ya sinki ikajaa chumba.

"Usitikisike," akanong'ona. "Nakuomba, shemeji. Usimeze hata mate."

Na sikioni kwake, kwa upole kabisa, akaambiwa, kumi na moja.