Harage Puani mwa Basili

Msimu wa kupura maharage ukifika, kijiji cha akina Zita, juu ya mji mdogo wa Dongobesh, huamka kwa kishindo cha fimbo. Familia husaidiana kwa zamu, na mwenye shamba hupika makande ya kuwatosha wote. Siku moja ilikuwa zamu ya akina Zita. Watu wazima walizunguka turubai, wakainua fimbo na kuzishusha pamoja, maganda yakaruka huku na huko. Zita, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa kazi moja tu: kumwangalia mdogo wake Basili, mwenye miaka mitatu na miguu isiyojua kutulia.

Ilikuwa kazi moja, na bado ilimshinda. Rafiki yake Patriki alimwita nyuma ya ghala, ambako wakubwa hawaoni, wacheze mchezo wa msimu. Unaweka harage kwenye tundu moja la pua, unaziba la pili, kisha unapuliza. Harage lako likifika mbali kuliko la mwenzako, wewe ndiye bingwa. Zita alipenda ubingwa kuliko chakula. Alipokuwa akihesabu hatua za harage lake, Basili, aliyewafuata, naye akajitwalia moja. Badala ya kupuliza, akavuta.

"Limeingia," alisema, macho yamemtoka.

Zita alichungulia, hakuona kitu. Akaokota kijiti na kumchokoa. Basili akapiga ukelele, Zita akamziba mdomo haraka.

"Nyamaza! Litatoka lenyewe. Mama akijua, tutachapwa wote."

"Mimi sikuwepo," alisema Patriki, na kweli kufumba na kufumbua hakuwepo.

Harage halikutoka. Kesho yake asubuhi Basili alikoroma akiwa macho, akakataa uji. Kamasi nzito yenye harufu mbaya ilimtoka tundu la kulia peke yake. Mama yao, Marieta, alimgusa paji la uso.

"Mafua haya. Baridi ya huku haina huruma."

Hapo Zita alikuwa na nafasi ya kusema. Aliinamia kikombe chake akanywa uji ambao haukuwa na ladha yoyote. Aliona aibu, lakini aliogopa fimbo zaidi.

Siku ya tatu Basili alikuwa amezidi. Mama alichemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria uani, akachukua blanketi.

"Njoo, mwanangu. Mvuke utakufungua pua."

Zita alikuwa kando akimenya vitunguu swaumu. Alipoona mvuke unapanda, aliacha kumenya. Wiki iliyopita Mwalimu Yonas aliwaonyesha maharage yaliyokaa siku tatu kwenye pamba mbichi; yalikuwa yamevimba hadi kupasua maganda. Mwalimu huyo huyo aliwahi kuwafundisha kwamba ndani ya pua kuna joto na unyevu wakati wote, ili hewa ipashwe joto kabla ya kufika mapafuni. Zita aliyaunganisha masomo hayo mawili: harage lilikuwa likivimba puani, na mvuke ungelizidisha. Chini ya blanketi Basili alikuwa akihema mbio mbio.

"Mama, mtoe! Si mafua! Ana harage puani!"

"Harage gani?"

"La siku ile ya kupura. Mchezo aliuona kwangu. Na mimi ndiye niliyemchokoa na kijiti."

Mama aliinua mkono. Zita akafumba macho akisubiri kofi, lakini alipofumbua, mama alikuwa tayari anamfunga Basili mgongoni.

"Siku tatu, Zita! Siku tatu unanitazama tu! Twende."

Waliteremka mbio kuelekea zahanati. Kila Basili alipokohoa, mama alisimama kumsikiliza kama bado anapumua, na Zita aliomba Mungu kimoyomoyo.

"Shikamoo, daktari," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mtoto ana nini?" aliuliza Yahaya, tabibu wa zahanati.

Mama alimgeukia Zita. "Sema wewe."

Zita alisema yote bila kupunguza: mchezo, tundu la kulia, siku tatu, kijiti na mvuke. Yahaya alimulika kwa tochi, uso wake ukabadilika.

"Limevimba, tena linateleza. Nikilishika na koleo nitalisukuma nyuma. Pua na koo vimeungana kwa ndani. Likidondoka huko likaingia njia ya hewa, hapa sina kifaa cha kulitoa."

Mama alimkumbatia Basili kifuani. Yahaya akamkalisha mama na kumwelekeza kwa sauti ya upole.

"Funika mdomo wake kwa mdomo wako. Mimi nitaziba tundu lisilo na kitu. Nikisema sasa, puliza kwa nguvu, mara moja tu. Sasa!"

Hakikutoka kitu. Basili alilia, Zita akajiuma kidole.

"Tena. Sasa!"

"Limesogea," alisema Yahaya. "Mara ya mwisho. Likikataa, tunakwenda hospitali ya wilaya. Sasa!"

Harage lilichomoka na kamasi na damu kidogo, likamgonga mama shavuni. Lilikuwa limepasuka ganda, na mzizi mweupe umeanza kuchungulia. Basili alipiga chafya mbili, akatazama huku na huku, akasema anataka uji. Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Yahaya alinawa mikono, kisha akamwambia Zita, "Mchezo ule hata mimi niliucheza, nao ni wa hatari. Lakini kilichotaka kumuua mdogo wako ni ukimya wako. Mtoto mdogo hawezi kueleza mwili wake. Anayejua ukweli ndiye mdomo wake. Kitu kikikwama puani, sikioni au kooni, usichokoe wala usifukize. Sema, na mtoto aletwe siku hiyo hiyo."

"Nimeelewa, daktari. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," alisema mama. "Nami nina kosa langu. Fimbo yangu ilikutisha kuliko hatari ya mdogo wako. Kuanzia leo, anayekuja kusema kweli hapigwi nyumbani kwangu."

Kisha alimtoa Basili kifuani pake, akamfunga mgongoni mwa Zita. Njia nzima ya kupanda Zita alitembea polepole. Alisikiliza pumzi ya mdogo wake ikimpuliza shingoni, taratibu, kupitia puani.